Mwimbaji Akifa, Bendi Inabaki na Nini? Kisa cha AC/DC na Albamu ya 1980

Tarehe 19 Februari 1980, Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, bendi ya roki ya Australia, alikutwa amefariki ndani ya gari lililoegeshwa kusini mwa London. Alikuwa na miaka 33, na uchunguzi ulisema ni pombe. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo bendi ileile ikatoa albamu ya Back in Black, ikiwa na mwimbaji mwingine. Albamu hiyo imekuwa miongoni mwa zilizouzwa zaidi tangu watu waanze kurekodi muziki. Marekani peke yake imethibitishwa kuuza zaidi ya nakala milioni 25. Kutoka msibani hadi dukani ni miezi mitano.

Nimekizungumzia sana kisa hiki hapa Mwanza, na si kwamba watu wa Kirumba wameanza ghafla kupenda roki nzito. Kuna bendi ya dansi ninayoifahamu tangu ujana wangu. Imemzika mwimbaji wake, na waliobaki hawaelewani. Wapo wanaosema bendi ivunjwe kwa heshima ya marehemu. Wapo wanaotaka kijana wa kuimba kama yeye, na wameshampata mmoja kutoka Sengerema. Ukifumba macho utaapa kwamba mzee amefufuka. Mimi naona njia zote mbili zitaimaliza bendi, na kila nikibanwa nitoe ushahidi, narudi kwa AC/DC. Tatizo ni kwamba kisa chao husimuliwa kama muujiza, wakati ni maamuzi, moja baada ya jingine, na yanaweza kufuatiliwa.

Kazi zipi zilizikwa

Tuanze na jambo ambalo mashabiki wengi hulipita haraka: bendi ilikuwa ya nani? AC/DC ilianzishwa Sydney mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young, wazaliwa wa Glasgow ambao familia yao ilihamia Australia mwaka 1963. Angus ndiye yule anayepiga gitaa la solo akiwa amevaa sare ya shule, kaptura na kofia, akikimbia jukwaa zima. Watu humtazama yeye. Lakini muulize mpiga gitaa yeyote aliyekaa chini akawasikiliza, atakuambia bendi ilitembea kwa mkono wa Malcolm, aliyesimama nyuma karibu na spika na kupiga ridhimu bila kutikisika. Vipande vya gitaa vinavyobeba nyimbo zao vilitoka kwa ndugu hao wawili. Mpiga ngoma Phil Rudd aliingia mwaka 1975, mpiga besi Cliff Williams mwaka 1977.

Bon Scott yeye aliingia mwaka 1974. Alikuja na sauti ya mtu mjanja anayesimulia akiwa na glasi mkononi, na alikuja na maneno. Mashairi ya AC/DC ya miaka hiyo ni yake: barabara ndefu, madeni, wanawake, ulevi, kushindwa na kuinuka.

Kwa hiyo siku ile ya Februari vilipotea vitu viwili vikubwa, sauti na maneno. Gitaa halikufa. Mapigo ya ngoma hayakufa. Hata aliyewatengenezea albamu iliyotangulia, Highway to Hell ya mwaka 1979, bado alikuwepo: Robert John Lange, ambaye kwa taarifa ya wengi wasiojua alizaliwa Mufulira, Zambia. Albamu hiyo ya 1979 ilikuwa imefika namba 17 Marekani, mlango ambao walikuwa wameugonga kwa miaka. Bendi ilikuwa na nguvu mpya na kazi nusu mkononi. Siku chache kabla ya kufariki, Bon mwenyewe alikuwa mazoezini na ndugu hao akiwapigia ngoma wakati wanajaribu nyimbo mpya.

Hesabu hiyo ya nani alikuwa anafanya nini ndiyo inayotenganisha bendi zinazopona na zisizopona, na sisi tuna mifano yetu. Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali Mombasa, Januari 1979, aliondoka mtunzi, mwimbaji, mpiga solo na kiongozi kwa wakati mmoja. Bendi yake, Super Volcano, ilibaki na vyombo na wanamuziki wazuri, ila hakuna kazi kuu hata moja iliyokuwa imebaki kwa mtu mwingine, na haikurudi tena kwenye kimo kile. Linganisha na bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964. Imebadilishwa jina ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Mwimbaji Muhidin Gurumo aliondoka mwaka 1978 kwenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park, miaka ikapita, akarudi. Waimbaji wameingia na kutoka, wengine tumewazika, na Msondo ukaendelea kuwa Msondo, kwa sababu mapigo na namna ya kupanga magitaa havikuwa mali ya koo la mtu mmoja.

Arobaini

Mazishi yalifanyika Fremantle, Australia. Inasimuliwa na wanabendi wenyewe kwamba baba yake Bon alimwambia Malcolm waendelee, watafute mtu. Naipa kauli hiyo uzito mkubwa. Katika ubishi wa bendi yetu ya hapa, wale wanaotaka ivunjwe wanajiona wanaisemea familia ya marehemu, na hakuna aliyekwenda kuiuliza. AC/DC hawakuamua peke yao kwamba heshima ni kukaa kimya. Waliambiwa na mzazi mwenye msiba.

Wakaanza kusikiliza waimbaji. Aprili 1 ikatangazwa kwamba aliyepatikana ni Brian Johnson. Ukihesabu kwa desturi yetu, arobaini ilikuwa imetimia siku mbili tatu tu nyuma. Wapo walioona ni haraka isiyo na adabu. Mimi naona walifanya kile ambacho misiba yetu imepangwa kifanyike: watu wakae, walie, kisha siku itajwe ambayo maisha yanarudi kazini.

Johnson alikuwa na miaka 32, mtu wa Dunston, Gateshead, karibu na Newcastle. Miaka ya mwanzo ya sabini bendi yake ya Geordie iliwahi kuwa na nyimbo zilizopanda chati Uingereza, kisha ikazama. Mwaka 1980 alikuwa fundi wa kubandika paa za vinaili kwenye magari. Bon Scott mwenyewe aliwahi kumsikia zamani akiimba, na aliwasifia kina Young yule jamaa anayepiga ukelele kwa roho yote. Jina la mrithi, kwa maana hiyo, lilikuwa limetoka kinywani mwa marehemu.

Kwenye usaili kule London aliimba wimbo mmoja wa AC/DC na mwingine wa Ike na Tina Turner. Huu wa pili ndio ninaoupenda. Bendi iliyotaka nakala ya Bon ingemsikiliza katika nyimbo za Bon tu, ikiwa na orodha ya wapi anafanana na wapi amekosea. Hawa walikubali kumsikia katika wimbo ambao Bon hana habari nao. Na sauti waliyoisikia haikufanana. Bon alikuwa anasimulia, Johnson anapaza. Sauti yake inakaa juu, ina mikwaruzo kama msumeno kwenye mbao kavu, na haina ule ujanja wa chini kwa chini. Aliyekuwa anatafuta mzimu angemrudisha Newcastle kwa basi la jioni.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu kuhusu kijana wa Sengerema. Wiki za kwanza ukumbi ulijaa. Watu walikuja kusikia kama kweli, wakapiga makofi, wengine wakalia. Baadaye wakapungua, na sikushangaa: waliokuja kuthibitisha kufanana walithibitisha wakaenda zao. Kijana mwenyewe ana kipaji. Siku moja wakati wa kupanga vyombo nilimsikia akijiimbia taratibu peke yake, kii, yaani kimo cha sauti, ikiwa juu kuliko ile ya marehemu, na ilikuwa sauti nyingine kabisa, nyembamba, yenye uchungu fulani wa wanaoimbia kasia. Jukwaani anaikunja na kuivaa ya mzee.

Nassau

Aprili na Mei bendi ilikuwa Nassau, Bahamas, katika studio ya Compass Point. Ukiwaza visiwa utawaza mapumziko, ila walipofika ilikuwa dhoruba na umeme wa kusuasua. Sisi wa kandokando ya Ziwa tunaijua hali hiyo: unaona wingu limesimama upande wa Ukerewe, upepo unabadilika, na kabla hujakusanya vyako mvua iko juu ya bati. Johnson, mtu mgeni kwenye bendi, alikaa chini akiwa na karatasi tupu na jukumu la kuandika maneno ya albamu nzima, nafasi iliyokuwa ya marehemu. Lange ndiye aliyemsukuma aitumie dhoruba iliyokuwa nje, ngurumo na radi, na humo yakazaliwa maneno ya wimbo wa kwanza wa albamu.

Kuhusu wimbo uliobeba jina la albamu, Malcolm alimpa sharti: uwe kwa ajili ya Bon, lakini usiwe wa kuomboleza. Uwe wa kumshangilia. Sharti hili ndilo lililonifungulia kisa chote. Ukitazama albamu unaona maombolezo yamewekwa sehemu maalumu na yamefanywa kikamilifu. Jalada ni jeusi tupu. Kampuni ya kurekodi ililipinga, bendi ikasimama kidete, wakakubaliana jina lichorwe kwa mstari wa kijivu. Na albamu inaanza na kengele, polepole, kabla gitaa halijasikika.

Kengele hiyo ina hadithi yake. Waliitaka ya kweli. Kiwanda cha kufua kengele cha John Taylor, Loughborough, Uingereza, kikapewa kazi ya kuifua, ya takriban tani moja, iwe ya kuzunguka nayo jukwaani. Fundi sauti Tony Platt akatumwa kwenda kurekodi. Jaribio la kurekodi kengele nyingine kubwa ya mji huo, kwenye mnara, liliharibiwa na ndege waliokuwa wanaishi humo: kila ikigongwa wanaruka, na mabawa yanaingia kwenye mkanda. Mwishowe ikarekodiwa yao wenyewe, kiwandani. Watu wangeweza kuchukua mlio wowote kutoka maktaba ya sauti wakaendelea na safari. Ninaiona kazi hiyo ya ziada kuwa ndiyo ibada yao ya mazishi.

Baada ya jalada na kengele, basi. Nyimbo kumi, dakika 42 hivi, na hakuna hata moja inayolia. Ni starehe, majigambo, gitaa.

Nilikwenda na albamu hiyo kwenye stoo ya bendi kule Mabatini, tukaiwasha kwenye spika. Mpiga besi wao ni mzee wa makamo aliyepita bendi nyingi za Kanda ya Ziwa. Mpiga ridhimu ni kijana aliyekulia kwenye bongofleva. Kijana akachukua gitaa kufuatisha wimbo wenye jina la albamu. Kipande cha mwanzo ni kodi tatu tu za gitaa, E, D na A, akazipata mara moja, kisha akakwama, kwa sababu mkono wake ulitaka kujaza kila pengo.

"Mzee, mbona hapa hawapigi kitu?"

"Hebu rudisha. Sikia ngoma."

Akarudisha. Phil Rudd anapiga pigo lilelile, hana mbwembwe, hagusi sahani ya ngoma isipohitajika. Gitaa linagonga, linanyamaza. Linagonga, linanyamaza.

"Wamemwachia mwimbaji nafasi, mwanangu. Yule mgeni wao asingepumua humo kama wewe ungekuwepo."

Mzee yule hajawahi kuwa mpenzi wa roki, na alisema kwa sentensi mbili kitu nilichokuwa nakizungukia kwa muda mrefu. Vipande vya gitaa ndugu wale walivipanga vikiwa na uwazi mkubwa, na katika uwazi huo koo jipya likaweza kuingia lilivyo. Bendi yetu imefanya kinyume. Imeshikilia mipangilio iliyokatwa kwa kipimo cha marehemu, pumzi yake, mahali alipokuwa anachelewesha neno, halafu kijana analaumiwa akibanwa.

Kuna wakosoaji watakaosema roki ni roki na dansi ni dansi, na Mwanza si London. Basi twende Bujora, hapo Kisesa. Kila mwaka wakati wa tamasha la Bulabo, mwezi wa Juni, Wasukuma hukutana huko kushindana ngoma, kundi la Bagika upande huu na la Bagalu upande ule. Waasisi, Ngika na Gumha, walikwishafariki zamani sana, na mpaka leo vikundi vyao vipo na watu wanavifuata uwanjani kwa mamia. Anayebeba uimbaji ni ningi. Ningi akifa anapatikana ningi mwingine, na huyo mpya hatarajiwi kukariri za mtangulizi wake. Atatunga. Asipotunga, uwanja utahamia kwa wapinzani wakati yeye bado anaimba. Bendi yetu ina vijana wa Kisukuma watupu, wamekulia kwenye utaratibu huo, na bado wanadhani urithi wa mwimbaji ni kuiga.

Yaliyofuata

Julai 1980 albamu ikatoka, ikafika namba 1 Uingereza na namba 4 Marekani. Nisiipambe hadithi kupita kiasi: miaka iliyofuata haikuwa ya ushindi mfululizo, Phil Rudd aliondoka mwaka 1983, na kufikia albamu ya 1990 maneno yalikuwa yanaandikwa na ndugu Young wenyewe, si Johnson tena. Mwimbaji mpya hakupewa milele kila alichopewa Nassau. Lakini alibaki, na jukwaa likawa lake.

Mwaka huohuo wa 1980, mwezi Aprili, Black Sabbath nao walitoa albamu wakiwa na Ronnie James Dio badala ya Ozzy Osbourne, wakafaulu kwa njia hiyohiyo ya nyimbo mpya kwa koo jipya. Na bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, ilipotoa albamu mwaka 2008 pamoja na Paul Rodgers, iliweka majina mawili kwenye jalada, Queen na lake. Mwaka uliofuata wakaachana. Nadhani majina yale mawili yalikuwa yamekiri tangu mwanzo kwamba mgeni hajaingia ndani.

Kinachonivutia zaidi ni pigo la pili la AC/DC. Mwaka 2014 Malcolm alistaafu kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Alifariki Novemba 2017. Safari hii aliyeondoka ni mwenye mkono wa ridhimu, nguzo yenyewe. Walimweka nani? Stevie Young, mtoto wa kaka yao, aliyewahi kumshikia Malcolm nafasi kwenye ziara ya 1988 na anayepiga kama yeye kabisa. Kwenye koo walitafuta tofauti. Kwenye ridhimu wakatafuta kufanana. Watu walewale, na hawakujipinga. Ridhimu ni sakafu, na sakafu ikihama kila mtu anayumba. Sauti ni mtu, na mtu haigiziki kwa miaka.

Mwaka 2016 Johnson alisimama kwa matatizo ya masikio, na Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, akamalizia ziara. Ziara tu, hawakurekodi albamu naye. Novemba 2020 wakarudi na Power Up: Johnson, Rudd na Williams wote wamerejea, Stevie kwenye ridhimu, na nyimbo zimejengwa kwa vipande vya gitaa alivyoviacha Malcolm. Watunzi walioandikwa ni Angus na Malcolm, kila wimbo. Iliingia namba 1 Uingereza, Marekani na Australia.

Ushauri niliowapa wenzangu unatokana na hayo. Mpiga ridhimu asibadilishe kitu, ashike mkono uleule ambao mashabiki wanaujua kama mtindo wa bendi. Kii ipandishwe ikae panapomfaa kijana. Za marehemu zipunguzwe, ibaki moja, ipigwe mwanzoni taa zikiwa zinawaka na familia yake ikiwa imealikwa viti vya mbele. Nyingine zote ziwe mpya, na maneno aandike kijana mwenyewe, hata kama mawili matatu ya kwanza yatakuwa mabovu.

Hayo wamekubali, baadhi kwa shingo upande. Palipogoma ni pa majina. Nimesema nyimbo mpya zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zikiwa na jina la kijana kama mtunzi pamoja na waliopanga magitaa, na kiongozi wa bendi hataki kusikia. Anasema mgeni hana hata mwaka, hajala jeuri ya barabara, hajalala kwenye magunia ndani ya meli, leo apewe haki sawa na watu waliozeekea kwenye vyombo? Namheshimu, ni kaka yangu kwa umri na kwa mengi. Ila mwaka 1980 fundi wa paa za magari alikuwa na wiki chache tu ndani ya bendi iliyokuwa na karibu miaka saba, na kwenye Back in Black nyimbo zote kumi zimeandikwa hivi: Young, Young na Johnson. Nimempelekea kava ajionee. Kikao kingine ni Jumamosi baada ya mazoezi.